Kadi Nyekundu Juu ya Machela

Mtaa wa Sufala,
Ibra, Oman.
Jumatano, 12 Februari 2025
13 Shaaban 1446

Mpendwa kaka yangu Mudrick,

Shikamoo kaka, na assalamu alaykum kwako na kwa wote waliomo nyumbani Kikwajuni. Kwanza nataka kujua afya yako. Presha imeshuka, au bado unamkimbia daktari asikupime? Na wifi yangu Saliha, lile jicho alilotolewa mtoto wa jicho linaona sawasawa sasa? Mwambie asiinamie jiko la mkaa mpaka apone kabisa, na wewe usimwagize chai kila baada ya nusu saa ukamfanya ainame.

Sisi huku wazima kwa kadiri ya mtu kuwa mzima. Baridi ya mwaka huu ilikuwa kali kidogo, asubuhi nilikuwa nikivaa soksi mbili mbili, na Kudura, yule binti wa Tanga anayenisaidia kazi za nyumba, akinicheka. Sasa imelegea. Mgongo wangu ni ule ule unaoujua. Ramadhani inabisha hodi na bado sijaanza hata kusafisha makabati.

Utashangaa kupata barua ya karatasi zama hizi. Katika kundi letu la wasapu nimejitoa, kama ulivyoona, na simu sitaki kupiga, maana nikisikia sauti yako nitagomba, na nikigomba nitasahau nusu ya niliyotaka kusema. Zuleha wa nyumba ya pili anakuja Unguja Ijumaa kwa harusi ya mpwawe. Leo nimemkuta soko la wanawake, akaniahidi kukukabidhi barua hii mkononi. Ninakuandikia habari ya Tamim, mjukuu wangu, mguu wake na jina lake. Vyote viwili vimevunjwa.

Unalijua lile kombe la wanafunzi wa vyuo, wanaloliandaa wenyewe kila majira ya baridi. Mwaka huu vijana wa Ibra na vijana wa Nizwa walikutana nusu fainali, Ijumaa ya tarehe 24 Januari, na uwanja ukachaguliwa Sur ili asiwepo wa kuchezea kwao. Tulikwenda kwa gari ya mwanangu Suud, baba yake Tamim. Nilikuwa mimi, Suud, Ghada dada yake Tamim, na chupa mbili za chai. Nilikuwapo, kaka. Hilo ulishike tangu mwanzo, kwa sababu wengi waliosema hawakuwapo.

Beki wa Nizwa aliyepewa kazi ya kumkaba Tamim alikuwa Yaqoob. Na Yaqoob si mtu baki. Ni mtoto wa Humoud wa Birkat al Mauz, Humoud aliyezaliwa na mama yetu mdogo Bi Zeyana, Mungu amrehemu. Kwa hesabu ya ukoo Yaqoob ni baba mdogo wa Tamim, ingawa wamepishana mwaka mmoja tu na siku za Idi wanakula sahani moja. Ndiyo maana nikatulia kitini. Nikasema leo mtoto anakabwa na damu yake, hataumizwa. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi niliisahau methali hiyo siku niliyoihitaji.

Dakika ya kumi tu akamkwatua kifundo cha mguu, mpira ukiwa umeshapita. Refa hakupuliza filimbi. Kabla ya mapumziko wakagombea mpira wa kona, Yaqoob akampiga kiwiko cha taya. Tamim akatema damu, akamwendea refa kumwonesha, na refa akamtolea yeye Tamim kadi ya njano kwa kubishana. Jukwaa la Nizwa likapiga makofi. Mama mmoja mbele yangu alikuwa anamenya njugu, akaziweka pajani ili apate mikono miwili ya kumpigia makofi mtoto anayetema damu. Nilimtazama kisogo chake mpaka mpira ulipoanza tena.

Mabao yalikuwa moja kwa moja. Dakika ya themanini na tatu Tamim akamtoka Yaqoob kwa upande wa kushoto, akaingia ndani ya kumi na nane, akautanguliza mpira. Mpira ulikuwa umeshakwenda. Narudia, ulikuwa umeshakwenda, hata mimi mwenye miwani niliuona uko hatua tatu mbele yake. Yaqoob akaruka kwa miguu miwili, njumu zimetangulia, akamwingia kwenye goti. Nilisikia lilivyolia. Ghada ananiambia kwa umbali ule haiwezekani kusikia, lakini mimi nilisikia.

Ilikuwa penalti ambayo hata kipofu angeiona. Refa alikuwa ameachwa nyuma anahema, na mshika kibendera anatazama viatu vyake. Refa akaja mbio mpaka pale, na badala ya kupuliza penalti akatoa kadi ya pili ya njano, eti Tamim kajiangusha, kisha akatoa nyekundu. Kufikia hapo vijana wa huduma ya kwanza wameshamweka mgonjwa kwenye machela. Kaka, mjukuu wangu alioneshwa kadi nyekundu akiwa amelala juu ya machela, amefumba macho kwa maumivu, hata hakuiona. Aliambiwa baadaye na wenzake. Nina miaka sitini na minne na nimeona mengi ya kuchukiza, lakini mkono ule ulioinuliwa na kadi juu ya mtoto aliyelala unanijia kila nikikaa peke yangu. Dakika za nyongeza Nizwa wakafunga bao, Ibra wakatolewa.

Ingekuwa ni refa mbovu tu, ningemaliza barua hapa. Marefa wabovu wapo tangu mpira ulipoanza kuchezwa. Kilichonitia kinyaa ni watu wetu wenyewe.

Kabla hatujatoka hospitali, kundi letu la ukoo lilikuwa limeshawaka. Watu tisini na sita, wa Ibra, Nizwa, Maskati, Unguja na huko Uingereza, na kila mmoja amekuwa refa. Mpwa wa Humoud aliweka kipande cha video cha sekunde sita, kimekatwa kuanzia pale Tamim alipokuwa tayari hewani. Mguu wa Yaqoob haumo kabisa. Unaona mtoto anaruka peke yake kama mwendawazimu, anaanguka, anashika goti. Hicho ndicho walichokijadili siku mbili. Mmoja wa Maskati akakipunguza mwendo, akachora duara kwenye mkono wa Tamim, kuthibitisha kuwa mtu aliyeumia kweli hainui mkono namna ile. Mwengine, ambaye ni daktari wa meno, akatufundisha habari za magoti.

Na usidhani wa Ibra walikuwa bora. Walitukana Nizwa nzima, ndizi zao na ngome yao, na wakawa wanapanga nani ataivunja miguu ya nani mwakani. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nilivaa miwani nikazisoma jumbe zote, mia nne na kitu. Walioandika kuuliza mguu wa mtoto unaendeleaje walikuwa watatu. Wa nne alikuwa Kudura, ambaye hata kundini hamo, aliniuliza mimi jikoni huku akikatakata vitunguu.

Siku ya pili picha ya eksirei ikaonesha mfupa haukuvunjika. Mimi kwa furaha yangu nikaiandika habari hiyo kundini. Ungefikiri nimewapelekea ushahidi mahakamani. Si mmeona, hana kitu. Si tulisema. Zikawekwa picha za watu wanacheka mpaka machozi. Jumatano yake akapelekwa Maskati kwenye kile kipimo kikubwa, wakaona kano la ndani ya goti limekatika kabisa na la pembeni limechanika. Atapasuliwa baada ya Idi, na mpira hataugusa kwa mwaka mzima. Hiyo nayo niliiandika, lakini watu walikuwa wameshachoka na mada hiyo, wanazungumzia harusi.

Siku aliyorudi chuoni na magongo, vijana fulani pale mkahawani walijiangusha chini mmoja baada ya mwengine alipokuwa anapita, wakishika magoti na kulia kwa sauti za kike. Wanamwita mwigizaji. Yeye akapita, akachukua sahani yake, akala. Ghada ndiye aliyenihadithia, si yeye.

Lakini Ghada, Mungu amhifadhi, alikuwa ameipiga video mechi kutoka jukwaani, na rafu yote imo, tangu Tamim alipompita Yaqoob mpaka kadi. Tamim akaandika malalamiko kwa kamati ya mashindano. Hakutaka fidia wala mechi irudiwe. Alitaka kadi ifutwe, na iandikwe kwamba hakujiangusha. Kamati ikakubali kukaa Jumatatu ya tarehe 3 kuitazama video. Wiki ile nilimwona anakula vizuri.

Sasa ndipo nifike kwenye kosa langu, kaka. Sikufichi.

Jumamosi, siku mbili kabla ya kamati, baada ya sala ya alasiri, Humoud akaja na wazee sita, wote na vilemba na bakora, na mkungu wa ndizi na tende za kwao. Mkewe Shaikha akaingia kwetu wanawake, nilipokuwa mimi na mkwe wangu Ghaniya, mama yake Tamim. Wanaume wakakaribishwa na Suud sabla, baraza ya wageni wa kiume. Yaqoob hakushuka. Alibaki garini nje ya geti, kioo kimepandishwa na kiyoyozi kinanguruma, anachezea simu. Nilimwona kwa dirisha la jikoni. Wazee wenye ndevu nyeupe wamekuja kumbebea aibu yake, na yeye hata kuwafungulia mlango wa gari hakushuka.

Kudura akapeleka mdila wa kahawa na vikombe. Baada ya muda akarudi kwangu na uso umembadilika. Akaninong'oneza, "Bibi, wageni hawainywi. Wameiweka chini wote. Sijui nimezidisha hiliki, sijui ina moshi, mi nasikia aibu."

Nikaionja iliyobaki jikoni. Haikuwa na kosa. Nikaenda mlangoni pa sabla nikachungulia, na kweli vikombe saba viko juu ya zulia vimejaa, hakuna aliyegusa. Humoud ameinamisha kichwa. Suud amekaa tu, hawakaribishi. Mimi moyo ukanipasuka kwa haya. Nikasema hata kama tumegombana, mtoto wangu ameshindwa hata kumkaribisha mgeni kahawa? Unakumbuka marehemu mama alivyotulea. Mgeni akiacha kikombe kimejaa, mama halali. Nikajitanda vizuri, nikasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Humoud, kunyweni kahawa, inapoa. Nyumba hii ni yenu."

Vikombe saba vikainuliwa kwa pamoja. Wakanywa kwa funda moja. Humoud akasimama, macho yake yamejaa machozi, akasema, "Bayyadh Allah wajhish, ya bint khaalti. Jambo limekwisha." Yaani Mungu ang'arishe uso wangu mimi, binti wa mama yake mkubwa. Wale wazee wakaitikia, na Suud akafunika uso kwa mkono.

Sikuelewa mpaka niliporudi kwa Ghaniya. Yeye kazaliwa hapa hapa kwa wazee wa hapa, anazijua desturi zao. Akaniambia polepole, kama mtu anayemwambia mgonjwa, "Mama, umeshawasamehe."

Desturi yenyewe ni hii. Aliyekosa huja na wazee wa kwao kwa yule aliyemkosea. Akitiliwa kahawa huiweka chini, maana yake nina ombi, na sinywi mpaka unikubalie. Mwenye nyumba ana haki ya kumwacha hata mpaka magharibi. Atamtaka aseme kosa kwa mdomo wake, atamwekea masharti. Lakini akitamka tu kunyweni, basi ameshakubali yote, na neno halirudi. Suud aliviacha vile vikombe vipoe kwa makusudi. Alikuwa anamsubiri Humoud aseme mbele ya wazee kwamba mwanawe alimwingia Tamim kwa kusudi, na kwamba Jumatatu Yaqoob atakwenda mwenyewe kuyasema hayo kwa kamati. Alikuwa karibu kuyapata. Nikatokea mimi na ukarimu wangu.

Utaniuliza, Kaltham, miaka hamsini umo nchi hiyo, hukuijua desturi hiyo? Niliisikia, kaka. Lakini niliisikia kama habari za damu na mashamba, mambo ya masheikh. Sabla ya wanaume sijapata kukaa. Nimechemsha kahawa ya watu nusu karne na sikujua kwamba kutonywewa nako ni maneno. Ningekuwa mtoto au mtumishi, wangesema huyo kapayuka. Lakini mimi ndiye mkubwa wa nyumba, na ukubwa wangu ndio ulioniponza.

Suud hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alisema neno la mama ni neno, akaenda zake msikitini. Siku ya pili Tamim akaandika barua ya kuyaondoa malalamiko, kwa mkono wake, mistari miwili. Kamati haikukaa. Video ya Ghada haikutazamwa na mtu. Zile ndizi hakuna aliyezigusa ndani mwetu, zikawa nyeusi jikoni, mwisho nikawapa mbuzi wa jirani, na wao pia hawakuzimaliza.

Jioni ile ya Jumamosi nilimfuata Tamim chumbani kwake. Nilikaa chini kwenye zulia ili nisimwangalie kwa juu, nikamwomba radhi. Mimi bibi yake, nikamwambia nimekukosea, nisamehe. Akataka kushuka kitandani kunibusu mkono, goti likamkatalia. Akasema, "Bibi, mimi sikutaka Yaqoob afungiwe. Nilitaka mtu mzima mmoja tu aseme kwamba sikudanganya."

Ijumaa iliyopita Nizwa wakalichukua kombe. Yaqoob akapewa zawadi ya beki bora. Akaweka picha kundini, kombe kichwani, na wale wale tisini na kitu wakamwagia maua na nyoyo. Humoud naye akaweka dua ndefu. Hakuna hata mmoja aliyesema lolote kuhusu goti la mtoto wetu. Na wewe, kaka yangu wa tumbo moja, ukaweka mikono mitatu ya makofi. Hapo ndipo nilipojitoa.

Sasa nina neno nawe.

Usiku ule wa mechi, ubishi ulipokuwa umewaka, watu wa Ibra wakakuita wewe uamue. Walikuwa na haki ya kukuita. Kila mtu kwenye ukoo huu anajua ulikuwa winga wa namna gani, na kwa mambo ya mpira ukisema wewe hakuna wa kukupinga. Ukatuma sauti. Naikumbuka yote. Ulisema, "Nimeitazama. Kijana kajiangusha. Sisi tulivunjwa miguu tukasimama tukacheza. Mpira si mchezo wa mayai." Baada ya hapo hata wale wachache waliokuwa wakimtetea wakanyamaza, kaka Mudrick keshasema. Na vijana wa chuoni nao waliipata sauti hiyo, sijui nani aliwapelekea, wakawa wanamsikilizisha akipita.

Uliamua kwa sekunde sita, kaka. Hukuuliza zilizotangulia ziko wapi. Hukunipigia simu mimi niliyekuwa uwanjani.

Na hilo la kusimama mkacheza, watu wengine wadanganye, mimi nilikuwa ndiye mfuaji wa soksi zako. Mwaka ule ulipovunjwa hukusimama. Uliletwa nyumbani umelazwa juu ya ubao wa mlango wa duka, unalia unamwita mama, na mama akakukanda kwa mafuta ya nazi mwezi mzima. Baba alikaa kando yako akikwambia kila siku kwamba yeye aliiona rafu ile kwa macho yake. Sikuandiki haya kukufedhehi. Nayaandika kwa sababu nadhani umeyasahau, na kwa sababu wewe ulipata mtu wa kukwambia hivyo.

Tamim havai namba kumi na moja kwa sababu ya mchezaji yeyote wa kwenye televisheni. Anaivaa kwa sababu niliwahi kumwambia ndiyo iliyokuwa yako.

Jumapili hii baada ya alasiri nilimkuta nyuma ya nyumba, kakaa karibu na ndimu, mguu kaunyoosha juu ya ndoo, simu kaishika sikioni. Nilisikia sauti yako. Anaisikiliza, inakwisha, anairudia. Nikamwambia aifute, ya nini kujitesa. Akasema, "Ngoja, bibi. Mwisho pale kama babu anacheka. Huenda alikuwa anatania." Akanipa simu nisikilize mimi, mwenye kukujua zaidi. Nikasikiliza mara tatu. Hukucheka, kaka. Ulikohoa. Nikamrudishia simu yake, nikamwambia sauti haisikiki vizuri.

Kwa hivyo sikiliza. Humoud na mwanawe nimewasamehe, kwa kutojua, lakini nimewasamehe, na neno langu sitalirudisha. Wazee saba walikuja wakanywa kahawa yangu, na walichokinywa siwezi kuwatapisha. Lakini wewe hukuwa katika wale saba. Wewe hukunywa chochote kwangu. Haki ya Tamim juu yako bado iko pale pale.

Ghada ameitia video nzima kwenye simu ya Zuleha. Muombe akuoneshe, uvae miwani, uitazame mpaka mwisho. Ukishaitazama na bado ukaona kajiangusha, basi mwambie Tamim hivyo hivyo, sitakulazimisha useme uongo kwa ajili ya mjukuu wangu. Ama ukiona nilichokiona mimi, basi ulimsema mbele ya watu tisini na sita, na mbele yao ndipo pa kusema ulikosea. Kisha mpigie. Mimi usinipigie. Mpigie yeye kwanza.

Nimempa Zuleha akuletee kilo mbili za papa mkavu kutoka Ashkhara, na halwa ya Nizwa, maana hata niwachukie vipi, halwa wanaijua. Papa mpe wifi, asikutilie chumvi tena, imo ya kutosha. Msalimie Maftah na watoto wake, na umwambie Shamsi jirani yako kwamba dawa ya mgongo aliyonipelekea nimeipata na nimeitumia. Suud anakuamkia, Ghaniya anakuamkia, Ghada pia, na Kudura anasema shikamoo ingawa hakujui. Tamim hajui kama nimekuandikia.

Mwenyezi Mungu akufikishe Ramadhani wewe na wako mkiwa na afya, akulainishie moyo, na ulimi wako aujaalie uwe wa kutibu.

Ni mimi nduguyo nikupendaye, na niliyekukasirikia mpaka siku Tamim atakapokuja kuniambia umempigia,

Kaltham